Naomba ushauri: kompyuta ya gia kwenye Sprinter, ninunue ya mtumba au nianzie kwingine?

Wakuu, habari zenu. Nina Mercedes Sprinter ya otomatiki, gia tano, inabeba mizigo kati ya Busia na Kampala. Ikiwa baridi inakwenda bila shida. Ikishapata moto, mara nyingi tukiwa tumeivuka Jinja na kuingia msitu wa Mabira, inakwama gia ya pili. Injini inalia, malori yote yananipita. Nikizima na kuwasha tena, inarudi kama haijawahi kuugua.

Fundi kaipima kwa mashine, ikasoma hitilafu ya sensa za mwendo, papo hapo akasema kompyuta ya gia imekufa. Hapo ndipo ninaposita. Kwenye giaboksi hii sensa hizo ziko ndani kabisa, kwenye sahani ya umeme inayolowa oili, si kwenye kompyuta. Tena nilipochomoa soketi ya kompyuta nilikuta pini zimelowa oili nyekundu. Hiyo hupanda kupitia ndani ya nyaya, kutoka soketi ya pini 13 ubavuni mwa giaboksi ikianza kuvuja.

Kisekka, soko la vipuri pale Kampala, nimeonyeshwa kompyuta ya mtumba kwa bei rahisi mno, na urahisi huo ndio unanitia wasiwasi.

Kuna aliyewahi kufunga ya mtumba ikakubali? Nani Kampala au Jinja anaweza kuiprogramu ilingane na gari? Au nibadilishe kwanza sahani na ile soketi ya giaboksi, nisafishe pini, kompyuta ibaki? Gari limelala, na mwenye mahindi anapiga simu kila asubuhi.