Mpira waachiwe waliocheza mpira? Tuangalie Finland kwanza

Wakuu, kila uchaguzi wa chama cha soka ukikaribia, kauli ni ile ile: mpira waachiwe waliocheza mpira. Mimi naikubali nusu. Naomba tuijadili kwa mfano wa Finland, maana marais watatu waliofuatana wa shirikisho lao, Palloliitto, walipita njia tatu tofauti.

Sauli Niinistö, mwanasiasa, aliingia 2009 akaachia 2012, mwaka aliochaguliwa kuwa Rais wa nchi. Akafuata Pertti Alaja, golikipa wa zamani wa timu ya taifa, aliyefariki 2017 akiwa bado madarakani. 2018 akaja Ari Lahti, mtu wa fedha.

Tarehe 15 Novemba 2019, jijini Helsinki, Finland iliichapa Liechtenstein 3-0, Teemu Pukki akitupia mawili, ikafuzu Euro kwa mara ya kwanza. Mashabiki walimwagika uwanjani, wazee kwa vijana. Rais wakati huo ni Lahti, ndiyo maana wapo wanaosema: mnaona, golikipa alishindwa, mhasibu akaweza.

Hapo ndipo ninapokataa. Timu ile ilifuzu chini ya kocha Markku Kanerva, na Kanerva alipewa timu Desemba 2016, Alaja akiwa rais. Ni kweli, uongozi huo huo ndio uliokuwa umemleta kocha Hans Backe kutoka Sweden, na 2016 nzima ikapita bila ushindi hata mmoja. Kosovo walikuja Turku kucheza mechi yao ya kwanza kabisa ya mashindano wakaondoka na sare ya 1-1! Lakini baada ya aibu ile hawakukimbilia jina kubwa la nje. Walimpandisha mtu wao wa ndani, mwalimu wa shule aliyewahi kuwapeleka vijana wa U21 kwenye Euro ya 2009. Kwangu mimi huo ni uamuzi wa mtu anayejua vyumba vya kubadilishia nguo.

Sasa nusu ninayoikataa. Timu yetu ya mtaani tuliwahi kumpa uenyekiti beki wetu wa zamani, mtu tuliyempenda sana. Siku ya mechi ya kwanza ya ligi, kamisaa alipanga leseni za wachezaji juu ya boneti ya gari, akahesabu: sita. Zilizobaki hazikuwahi kulipiwa. Wapinzani walipewa pointi tatu bila kugusa mpira, na vijana wetu walirudi nyumbani na jezi kavu. Yule beki alilia. Hakuwa mwizi, hakuna aliyemfundisha kazi ya ofisi.

Atakayenitajia Aki Riihilahti, kiungo wa zamani wa Crystal Palace, namkubalia. Alitundika daluga HJK, akawa mkurugenzi mtendaji wa klabu hiyo hiyo, na 2014 HJK ikawa klabu ya kwanza ya Finland kucheza makundi ya Europa League. Ila klabu ina bodi na mwenye hisa; mkurugenzi akiboronga anaondolewa kesho yake. Rais wa shirikisho akishachaguliwa, tumefungwa naye miaka.

Na hapa kwetu Leodegar Tenga, nahodha wa Taifa Stars AFCON ya 1980, aliiongoza TFF kuanzia 2004 hadi 2013, na baadaye akawa mkurugenzi mtendaji wa Shirikisho la Wenye Viwanda. Huyo alikuwa na vyote viwili, uwanja na meza. Wangapi wako hivyo?

Nyongeza: kuna mdau ameniuliza kama nataka kuwafungia milango wachezaji wetu. Hapana. Nataka kanuni za uchaguzi zimtake kila mgombea wa urais awe amefanya kazi angalau miaka mitatu katika ofisi ya klabu au chama cha mkoa, hata kama aliwahi kuvaa kitambaa cha unahodha. Wewe ungeipigia kura kanuni hiyo?