Tupeane uzoefu: neno "board" lilikukuta wapi?

Ndugu zangu wa Tororo, Busia, Kampala na kwingineko, habari za leo. Juzi binti yangu wa darasa la sita alirudi na insha ya Kiingereza imejaa wino mwekundu. Alitaka kusema kaka yake analala bweni, akaandika "my brother is a border". Mwalimu kamwandikia pembeni: kaka yako ni mpaka? Mtoto alilia. Nikakaa naye mkekani tukalichimba hilo neno, nikaona uzuri ambao sikufundishwa shuleni.

Board kwa Kiingereza cha kale ni ubao. Ubao ukawekewa miguu, ukawa meza. Kilicholiwa mezani nacho kikaitwa board, ndiyo maana mtoto anayekula na kulala shuleni ni boarder. Na wakubwa waliozunguka meza kukata shauri wakawa bodi. Mwenye kisa alete, nimsomee binti.

Seremala, Jinja
Mteja alinipigia simu: fundi, nataka bodi ya ofisi, futi nane kwa nne. Nikampasulia ubao wa matangazo, nikaupiga msasa, nikaupeleka. Kumbe alitaka meza ya kikao cha bodi! Nilipoteza siku nne na nauli ya pikapu. Tangu hapo sipokei kazi bila mchoro. Ila kwa maelezo yako, mwalimu, tulikuwa sahihi wote wawili.

Mama wa Busia
Dada, mwambie binti asilie. Sisi wa hapa mpakani hayo maneno tunayasikia sauti moja. Marehemu baba alikuwa bodaboda wa baiskeli miaka ya 1970, kabla pikipiki hazijatapakaa. Kati ya kituo cha Uganda na cha Kenya palikuwa na mwendo, na mtu ameshuka kwenye basi na magunia yake. Vijana wanamwitia: boda, boda! Yaani nikutoe mpaka huu nikufikishe mpaka ule. Baba alishonea keria kigodoro cha sponji, juu kitambaa cha maua mekundu, akakifunga kwa mipira ya tyubu. Mvua ikitishia anakivua kwanza kigodoro, anakificha ndani ya koti, yeye mwenyewe alowe. Sisi watoto sita tulisoma kwa kile kigodoro. Leo Kampala nzima inaita boda, na vijana wanaoziendesha wengi hawajui jina limetoka kwetu.

Baharia wa ziwani
Nimefanya kazi kwenye meli ya Entebbe kwenda Kalangala. Sisi upande wa kulia tunauita starboard. Nahodha mmoja mzee ndiye aliyenifungua macho: zamani huko Ulaya ya kaskazini usukani ulikuwa kasia kubwa lililofungwa ubavuni, upande wa kulia. Star hapo si nyota, ni kuongoza. Board ni ubavu wa chombo. Kushoto kuliitwa larboard, lakini kwenye upepo mkali maneno hayo mawili yanafanana mno masikioni, na kosa la namna hiyo linaua watu. Mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza likaamuru waseme port. Mwalimu, na hiyo border ya binti yako si mgeni kwa board. Imepitia Kifaransa, kwenye bord, ukingo, na Wafaransa walilipata kwa makabila ya Kijerumani, ukoo uleule. Na anayepanda ndege pale Entebbe akipewa boarding pass, ni ubavu huohuo wa meli anaopandia.

Mwenye mada
Asanteni sana. Nimemsomea yote, na insha ameiandika upya usiku huu. Mama wa Busia, anauliza kigodoro cha mzee kiko wapi.

Mama wa Busia
Sponji ililiwa na panya, mwanangu. Kitambaa ninacho. Maua yamefifia, lakini alama za mipira bado zinaonekana.