Tupeane uzoefu: kugeuza picha kuwa mchoro wa penseli kwa kompyuta

Fundi wa Fremu, River Road

Wadau, hamjambo. Wateja wangu siku hizi hawaleti picha ya kutiwa kioo tu. Wanataka igeuzwe mchoro wa penseli kwanza: ya arusi, ya mahafali, ya mzazi. Najua humu wamo wanaoifanya kazi hii kila siku. Mnatumia programu gani, na ni nini hasa kinachoufanya mchoro ufanane na mwenyewe?

Naanza mimi. Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, ni ya bure tangu ilipotoka 1996 na laptopu ya kawaida inaibeba. Naiondoa picha rangi, nanakili leya (tabaka la picha), kisha ile nakala ya juu naipitisha kwenye Invert, weusi uwe weupe na weupe uwe weusi. Halafu naiwekea modi ya Dodge; modi ndiyo inayoamua leya ya juu ichanganyike vipi na ya chini. Hapo skrini inakuwa nyeupe tupu, na anayejifunza hudhani picha imefutika. Haijafutika. Dodge hugawanya mwangaza wa leya ya chini kwa kinyume cha leya ya juu. Kwa kuwa ya juu ndiyo kinyume kamili cha ya chini, kila nukta inagawanywa kwa nafsi yake, jibu ni moja, yaani nyeupe. Sasa itie ile leya ya juu ukungu kwa Gaussian Blur. Hesabu inavurugika penye mipaka: ukingo wa pua, kope, mshono wa kola. Palipovurugika ndipo mstari unapotokea.

Ukungu mdogo hutoa mistari myembamba, mkubwa hutoa vivuli. Msikariri namba ya mtu, maana kinachotosha picha ndogo hakionekani kabisa kwenye picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000. Mimi huvuta picha karibu mpaka macho yajae kwenye skrini, nasogeza polepole, naacha pale kope zinapoanza kutengana moja moja.

Mama Saiba, Kayole

Fundi, asante kwa hiyo hesabu, kwa sababu ndiyo inayoeleza jambo linaloniuma zaidi katika kazi hii. Kama kila nukta inajigawanya yenyewe, basi shavu jeusi na shavu jeupe yote yanatoka meupe. Ngozi yetu inapotea!

Mimi hutengeneza vijitabu vya wasifu wa marehemu. Familia moja ilinijia na mchoro wa nyanya yao uliotengenezwa kwa apu ya simu. Mistari ilikuwa safi, lakini binti aliutazama akasema, "Huyu si shosho." Na kweli hakuwa yeye. Shosho alikuwa mweusi wa kung'aa, na kwenye karatasi alikuwa mtu asiye na rangi yoyote, mikunjo tu imeelea.

Ninavyofanya ni hivi. Mchoro ukishakamilika, naunganisha leya, kisha juu yake narudisha nakala ya ile picha ya kijivu, naiweka modi ya Multiply, inayotia giza kilicho chini yake, na kuipunguza nguvu hadi asilimia 30 hivi, kwa mtu mweusi sana hata 50. Naifunika kwa maski, yaani pazia la kuficha leya, halafu kwa brashi laini naifunua usoni, shingoni na mikononi peke yake. Karatasi inabaki nyeupe, mtu anabaki na rangi yake. Naomba kila anayefanya kazi hii Nairobi aijue hatua hii, kwa sababu apu nyingi za kubofya mara moja haziifanyi, na mteja anaishia kuamini kwamba mchoro ndivyo ulivyo.

La pili: picha kuukuu zilizokunjwa. Mkunjo ni mpaka kama mipaka mingine, kwa hiyo programu inauchora kwa bidii ileile iliyochorea pua. Safisheni picha kwa Clone au Heal, vifaa vya kuziba doa kwa sehemu safi ya picha, kabla ya kuanza. Muhuri uliokatiza shavu kwenye picha ya kitambulisho pia uondolewe mapema.

Tisheti Kariobangi

Sisi tunaochapa tisheti kwa silkskrini, mchoro wa vivuli hautufai moja kwa moja. Wino ni mmoja, kijivu hakuna. Napitisha Threshold, kila nukta inaamua kuwa nyeusi au nyeupe. Nikitaka kivuli natumia filta ya Newsprint, inakigeuza kuwa vitone ambavyo skrini inaweza kuvishika.

Penseli Tupu

Nachora kwa mkono na kuuza Maasai Market, kwa hiyo nitasema wazi. Programu sina ugomvi nayo. Hata mimi hutumia hatua ya kuondoa rangi ili nione mwanga umeangukia wapi kabla sijagusa karatasi. Kinachoniumiza ni kazi ya filta kuuzwa kama ya mkono, kwa bei ya mkono. Uso mmoja hunichukua siku kadhaa. Mteja akishadanganywa mara moja, akija kwangu anauliza kama nami nimebofya.

Fundi wa Fremu, River Road

Penseli, una haki kabisa. Kwangu risiti inaandikwa "mchoro wa kompyuta". Anayetaka wa mkono namwelekeza kwa wachoraji, fremu arudi kuiweka kwangu.

Dada wa Umoja

Mimi sina kompyuta, natumia ya saiba. Je, lazima niwekewe programu?

Mama Saiba, Kayole

Hapana, dada yangu. Fungua Photopea, programu ya kuhariri picha inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Leya zipo, na modi inaitwa Color Dodge kama kwenye Photoshop. Picha yenyewe inashughulikiwa ndani ya kompyuta uliyokalia, haipandishwi kwenye seva. Ila ukimaliza, futa faili ulizohifadhi kwenye mashine hiyo, hasa zikiwa za watu wengine.

Na anayekutumia picha kwa WhatsApp mwambie aitume kama dokyumenti. Ikitumwa kama picha inabanwa, na ule ubanaji unaacha vijiraba kuzunguka uso. Dodge itavichora vyote.

Dada wa Umoja

Nimejaribu kwa picha ya baba. Ngozi imerudi vizuri kwa asilimia 40, lakini ndevu zimegeuka doa moja jeusi.

Mama Saiba, Kayole

Rudi kwenye maski, chukua brashi nyeusi, pitisha juu ya ndevu peke yake ili ile leya ya kijivu isizifikie. Mistari ya ndevu tayari imo kwenye mchoro wa chini. Ukitaka kuprinti A4 hakikisha una pikseli 2480 kwa 3508, na uombe karatasi isiyong'aa. Ya kung'aa inarudisha sura ya picha.