Fungu la kumi nimpe jirani?

MamaNdizi_Moshi: Bwana asifiwe wapendwa. Nauza ndizi Mbuyuni, na fungu la kumi naliweka kwenye bahasha hadi Jumapili. Sasa jirani yangu mjane kalazwa, wanawe wanalala na uji mkavu, hata sukari hamna. Nikiwapa ile bahasha, nitakuwa nimemwibia Mungu? Nisaidieni, moyo unaniuma.

Mzee wa Usharika: Pole mama. Soma Kumbukumbu la Torati 14:28-29. Zaka, yaani hilo fungu la kumi, ya mwaka wa tatu iliwekwa malangoni ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Wajane wamo mle mle! Wapelekee leo, kisha mweleze mchungaji. Diakonia, yaani kuwahudumia wenye shida, ni kazi ya usharika mzima, usiubebe peke yako.

Binti wa Marangu: Mimi naona bahasha ibaki, dada. Kwetu mtu akilazwa, jumuiya inagawana: huyu mkungu wa mshare, zile ndizi za kupika, yule maharage, mwingine anafua sare za watoto.

MamaNdizi_Moshi: Asanteni sana. Mshare ninao, nawapikia usiku huu. Mwenyekiti wa jumuiya nimeshampigia, na la bahasha nitamwona mchungaji kesho.