Mchele wa Mjomba Hamisi

Kikundi: NYUMBANI PONGWE
Jumapili, 1 Juni 2025

Juma (Dar): Assalaam alaykum wanaukoo. Mjomba shikamoo. Mchele.

Mwana: 😂😂😂

Juma (Dar): Kilo 25, wa Kyela. Uliandika mwenyewe hapahapa Ijumaa: Inter wasipochukua kombe la mabingwa Ulaya, mchele wa Idd juu yako.

Athumani: Mimi ile meseji niliipiga picha mapema. Namjua Mjomba kwa kufuta.

Mama Mdogo Zuhura: Waalaykum salaam. Kwanza niambieni, nani alikuwa anapiga mayowe saa tano usiku mpaka Bibi akaamka akidhani kuna mwizi? Mwana?

Mwana: Nisamehe Mama Mdogo. PSG ya Paris imewapiga Inter mabao matano kwa bila! Fainali hiyo ipo tangu 1956 na haijawahi kwisha kwa tofauti ya mabao matano. Ningenyamazaje?

Juma (Dar): Huku Mbagala tulikuwa banda umiza. Doué wa PSG alipotia la tatu, watu wa Inter wakaanza kutafutana ndala mlangoni.

Mjomba Hamisi: Marahaba Juma. Nimeamka. Kwanza kamari ni haramu.

Juma (Dar): Ijumaa ilikuwa halali?

Mjomba Hamisi: Pili, mimi Inter siwajui wala hawanijui. Nilikuwa sitaki tu yule mtu achukue.

Mama Mdogo Zuhura: Mtu gani tena kaka?

Mwana: Kocha wa PSG, Luis Enrique. Mjomba ana kinyongo naye tangu 1996. Mimi hata sijazaliwa.

Mjomba Hamisi: Zuhura dada yangu, nikueleze uelewe. Huyu ni Mhispania wa Gijón, kule kaskazini. Real Madrid ilimchukua 1991. Unampanga kulia anacheza, kushoto anacheza, mbele anacheza, ukimwambia leo beki hanung'uniki. Januari 1995 tuliwapiga Barcelona tano bila pale kwetu Bernabéu, na yeye alifunga moja. Mwaka huohuo tukachukua ligi. Mkataba ukaisha 1996, akavuka barabara akaenda Barcelona. Bure! Hata senti moja hatukupata.

Athumani: Kutoka Yanga kwenda Simba, Mama Mdogo.

Mama Mdogo Zuhura: Aah. Sasa nimeelewa. Basi ana kosa.

Mwana: Mama Mdogo usimsikilize! Madrid kwenyewe walikuwa wanamzomea, mashabiki wake mwenyewe. Alipofika Barcelona akakaa miaka minane, mechi 300, mabao 109, mpaka wakampa unahodha. Mtu aende anakopendwa au akae anakozomewa?

Mjomba Hamisi: Akae. Mimi nazomewa humu kila siku na sijatoka.

Juma (Dar): 😂😂 Mchele Mjomba.

Mjomba Hamisi: Tena akirudi Bernabéu akifunga anaishika jezi ya Barcelona anatutikisia. Hilo ndilo lililoniuma. Kwa sababu nilimpenda. 1994 Kombe la Dunia kule Marekani, robo fainali Hispania na Italia, beki mmoja Tassotti alimpiga kiwiko ndani ya boksi akamvunja pua. Refa hakuona. Mimi sikuiona kwa macho, tulikuwa na redio tu, lakini picha kwenye gazeti niliiona: jezi nyeupe imelowa damu mpaka kifuani, mtu analia kwa hasira anamtafuta Tassotti. Nikasema huyu ndiye mchezaji. Tassotti alikuja kufungiwa mechi nane, lakini mechi imeshaisha, Italia wameshapita mbili kwa moja. Sasa mtu umemlilia hivyo, miaka michache baadaye anakutikisia jezi!

Athumani: Mjomba umeandika aya nzima. Hii ni mapenzi.

Mjomba Hamisi: Athumani uko wapi wewe?

Athumani: Kigali, nimeshusha mzigo jana. Huku PSG ina wenyewe. Wanaitangaza Visit Rwanda, utalii wa huku, tangu 2019. Arsenal nao wanayo begani. Nusu fainali yao ilikuwa ya ndugu kwa ndugu.

Juma (Dar): Mimi ni wa Arsenal, usinikumbushe nusu fainali.

Mwana: Dakika ya nne tu pale kwenu Emirates, Dembélé wa PSG huyo.

Juma (Dar): Nimesema usinikumbushe.

Mwana: Na marudiano Paris mbili moja.

Juma (Dar): Mama Mdogo mtoe huyu kwenye kikundi.

Mjomba Hamisi: Nirudi kwenye hoja. Ukocha wake sikuukubali mimi. 2015 alichukua makombe matatu na Barcelona. Mbele ana Messi, Suárez na Neymar. Hata Bibi angechukua.

Mwana: Bibi anasema yeye angemtoa Neymar, anajiangusha sana.

Mwana: Lakini Mjomba, umeanzia katikati. Alianza 2008 na tima ya pili ya Barcelona, akaipandisha daraja 2010. Akaenda Roma 2011, huko akachemka: Slovan Bratislava waliwatoa Ulaya kabla hata ya makundi, ligi wakamaliza wa saba, akaondoka baada ya msimu mmoja. Akaenda Celta Vigo akawafikisha nafasi ya tisa. Ndipo Barcelona wakamwita. Na hao Messi wako unaosema, Januari 2015 aliwaweka benchi yeye na Neymar kwa Real Sociedad, wakafungwa moja bila, mji mzima ukasema kocha afukuzwe. Juni anachukua makombe matatu.

Mwana: *timu ya pili

Juma (Dar): Kuwaweka benchi ndiyo kazi yake. Dembélé huyuhuyu, Oktoba walipokuja kwetu London alimwacha Paris kwa utovu wa nidhamu. Tukawafunga mbili bila. Nilicheka sana siku ile.

Athumani: Jana umemwona Dembélé lakini? Kipa wa Inter akiupokea mpira, yeye amesimama pale ukingoni mwa boksi kainama kama paka anangoja panya atoke. Mshambuliaji nyota anakaba kuliko beki.

Mwana: Hilo ndilo analolitaka yule kocha. Yeye hana habari na nyota. Mbappé aliondoka PSG mwaka jana, bure vilevile Mjomba, akaja kwenu Madrid, ana mabao 256 PSG hajawahi mtu. Watu wote wakasema Paris imekwisha. Mwaka wa kwanza bila yeye, ligi, kombe la Ufaransa na Ulaya. Vitatu. Kabla yake makocha wa kuchukua vitatu hivyo na klabu mbili tofauti alikuwa Guardiola peke yake.

Athumani: Na Januari walikuwa karibu kutolewa hatua ya kwanza. Manchester City wanaongoza mbili bila pale Paris, mvua inanyesha, wakarudisha nne.

Juma (Dar): Kwa hiyo Mjomba, Mbappé amewakimbia, amekuja kwenu, kombe limeenda alikotoka. Na nyinyi mmetolewa robo fainali na nani vile?

Mjomba Hamisi: Juma.

Juma (Dar): Na faulo mbili za nani vile? Jina lake linaitwaje Kiswahili?

Mwana: Declan Rice wa Arsenal. Declan Mchele 😭😭😭

Athumani: 😂😂😂😂 Mjomba, mchele umeshakuingia mara mbili tangu Aprili. Sasa ni zamu yako kuutoa.

Mama Mdogo Zuhura: Mimi sijaelewa lakini nimecheka.

Mjomba Hamisi: Haya chekeni. Mnajua Euro iliyochezwa 2021 aliita wachezaji 24 wa Hispania na hakuna hata mmoja wa Real Madrid? Haijawahi kutokea! Huyo si kocha ni mtu wa visasi.

Mwana: Wakafika nusu fainali, wakatolewa na Italia kwa penalti. Na ni mkaidi, hilo nakupa. Mazoezini aliweka jukwaa la vyuma kama la mafundi wa kupaka rangi ghorofa, anapanda juu anaangalia kutoka kule, anawasemesha wachezaji kwa redio ya upepo. Qatar 2022 badala ya kulala yuko mtandaoni usiku anajibu maswali ya mashabiki. Wakatolewa na Moroko.

Athumani: Siku hiyo hakuna aliyelala barabara yote hii. Penalti tatu Hispania wanakosa zote. Ya mwisho Hakimi wa Moroko, kaudokoa katikati pole pole kama anampa mtoto mpira.

Mwana: Sasa ona. Hakimi huyohuyo aliyemfukuzisha kazi ndiye aliyemkuta Paris 2023. Na jana la kwanza kafunga nani?

Athumani: Hakimi. Na hakushangilia, kwa sababu aliwahi kuchezea Inter. Akainua mikono kuwaomba radhi.

Mjomba Hamisi: Hakimi katokea kwetu, akademi ya Madrid. Mmeona? Huyo ana adabu.

Mwana: PSG wenyewe alishawaua. Machi 2017, wao wamefunga nne Paris, wameshaanza kupanga robo fainali, yeye akiwa Barcelona akawapiga sita moja. La sita dakika ya 95. Miaka sita baadaye wakaenda kumpigia magoti awe kocha wao.

Juma (Dar): Ukishindwa na mganga, mwite akutibu.

Mama Mdogo Zuhura: Ngojeni niulize. Asubuhi nimeona kipande kwenye simu, yule mzee mwenyewe kavaa fulana nyeusi ina katuni ya mtoto wa kike na bendera. Na jukwaani kitambaa kikubwa, mtoto huyohuyo. Watu wazima wanalia. Yule ni nani?

Mjomba Hamisi: Hiyo mimi sijaiona. Nilizima la nne lilipoingia.

Mwana: Ni bintiye, Mama Mdogo. 2015 baada ya fainali ya Berlin alimshika mkono wakaingia uwanjani, mtoto wa miaka mitano hivi, wakaichomeka bendera ya Barcelona katikati ya uwanja. Wanacheka wawili tu, uwanja mzima wao. Ile picha watu waliihifadhi.

Mwana: Machi 2019 anafundisha Hispania, akaondoka kambini ghafla, hakukaa benchi mechi ya Malta. Hakusema sababu, na waandishi safari hii hawakumchimba. Juni akaacha kazi kabisa. Agosti 29 mtoto akafariki. Saratani ya mifupa, aliugua miezi mitano. Alikuwa na miaka tisa.

Mama Mdogo Zuhura: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Athumani: Sikulijua hili.

Mwana: Novemba akarudi kazini. Mwaka jana yeye na mkewe wakafungua taasisi ya kusaidia familia zenye watoto wagonjwa. Jana mashabiki wa Paris walikuwa wameshakiandaa kitambaa: yeye na mtoto wanachomeka bendera, safari hii ya PSG. Na yeye fulana alikuja nayo.

Juma (Dar): Pale banda umiza mwenye banda alitaka kuzima jenereta mechi ilipokwisha. Watu wakamwambia subiri kidogo.

Mwana: 🎤 Sauti (0:41)

Mwana: Hiyo ni ya Bibi. Kwa walio kazini: anauliza mtoto aliitwa nani. Nimemwambia Xana, inatamkwa Shana. Ni jina la kwao Asturias, jini wa kike anayekaa kwenye chemchemi.

Mama Mdogo Zuhura: Mwana! Umemwambia Bibi hivyo?

Mwana: Nimemwambia. Ndiyo maana nakupa taarifa.

Mwana: 🎤 Sauti (1:07)

Mwana: Anasema hakuna mtoto anayepewa jina la jini akasalimika nalo, yeye atamwita Shani. Na anasema Ijumaa tukisoma dua ya Babu, Shani naye atajwe, kwani mtoto hana dhambi wala hana timu. Na anauliza baba yake huyo anakula vizuri, maana amemwona amekonda.

Athumani: 😂 Bibi wangu.

Mwana: Nimemwambia amekonda kwa kukimbia. Alipoacha mpira 2004 alikimbia marathoni, akafanya Ironman Frankfurt, yaani kuogelea, baiskeli na mbio kwa mpigo, akaenda kukimbia jangwani Moroko siku kadhaa na begi mgongoni. Bibi kasema mtu wa namna hiyo hajapata wa kumkataza.

Juma (Dar): Mjomba umenyamaza.

Juma (Dar): Mjomba?

Mama Mdogo Zuhura: Mwacheni kaka yangu. Turudi kwenye michango, Idd ni wiki hii. Mbuzi tayari, wawili. Athumani viungo vya pilau unaleta? Juma bado elfu 20 yako. Mafuta ya kupikia nimechukua mimi.

Athumani: Nitakuwa Tanga Alhamisi inshallah, mpakani kukiwa hakuna foleni.

Juma (Dar): Mshahara ukiingia kesho Mama Mdogo.

Mama Mdogo Zuhura: Kila mwezi kesho.

*11:38*

Mama Mdogo Zuhura: Kaka Hamisi, hela imeingia, nimeiona. Lakini mbona imezidi? Hii ni ya kilo 30.

Mjomba Hamisi: Kilo 5 za Mama. Apikiwe siku hiyo ya dua, apewe na jirani.

Mama Mdogo Zuhura: Allah akuzidishie.

Juma (Dar): Kwa hiyo umekubali kushindwa?

Mjomba Hamisi: Hiyo si ya kamari, ni sadaka. Na 1996 bado iko palepale.

*Ujumbe huu umefutwa*

Athumani: Nimeiwahi. "Nimeiangalia ile ya bendera mara tatu. Hongera zake."

Mjomba Hamisi: Athumani nakutoa kwenye kikundi.

Mama Mdogo Zuhura: Admini ni mimi.