Mjadala: Atlasi ya kale ifumuliwe iuzwe karatasi mojamoja?

Mleta mada: Wakuu, heshima kwenu. Dalali akipata atlasi nzima ya karne ya 16, ni haki yake kufumua mshono na kuuza kila ramani peke yake?

Mimi nasema hapana, hasa kama kitabu ni kamili. Mchora ramani Abraham Ortelius alipotoa atlasi yake, Theatrum Orbis Terrarum, pale Antwerp mwaka 1570, hakuwa anatengeneza mapambo ya ukutani. Alichukua ramani za watu mbalimbali, zikachongwa upya kwenye mabamba ya shaba ya kuchapia kwa ukubwa wa kulingana, akaweka maelezo nyuma ya kila moja, na mwanzoni mwa kitabu akaorodhesha wachora ramani aliowategemea, zaidi ya 80. Kifumue uone: ramani ya Afrika itapata mnunuzi haraka, ila ile orodha ya majina nani ataitaka?

Mchangiaji wa Pwani: Mleta mada, hapo tunapishana. Mwaka 1572 Braun na Hogenberg walitoa kule Cologne juzuu ya kwanza ya Civitates Orbis Terrarum, kitabu cha picha za miji. Humo mna karatasi moja yenye Aden juu, na chini yake Mombasa, Kilwa na Sofala zimebanana. Juzuu nzima mimi naipatia wapi? Karatasi moja, nikijinyima, naipata. Tena tusidanganyane, vitabu vingi vilishafumuliwa zamani, na vingine vilikuwa vimeoza au vimepungukiwa kurasa. Hizo ramani zilizobaki tuzifanyeje, tuzichome?

Mchangiaji mwingine: Mnagombea karatasi za nini? Maktaba kubwa zimeweka picha mtandaoni bure. Pakua, chapisha, tundika. Na hiyo Kilwa yenyewe imechongwa Ulaya, miaka mingi baada ya Wareno kuupora mji mwaka 1505.

Mleta mada: Picha ya mtandaoni inatosha kwa kutazama. Lakini shika karatasi yenyewe, ielekeze kwenye mwanga: utaona mistari iliyoachwa na kimia cha kutengenezea karatasi ya matambara, na pembezoni pamedidimia pale bamba la shaba lilipokandamizwa. Katikati pana kunjo, na nyuma yake mara nyingi kuna ukanda wa karatasi ulioishikilia ramani kitabuni. Maandishi ya nyuma yakiwa ya Kilatini, Kijerumani au Kifaransa, yanakusaidia kujua ni toleo gani. Rangi ndiyo usiiamini upesi. Nyingine zimepakwa juzijuzi ili bei ipande.

Hoja yangu kubwa ni nyingine. Soko la karatasi mojamoja ni maficho ya mwizi. E. Forbes Smiley III alikuwa dalali wa ramani anayeheshimika Marekani. Juni 2005 alikamatwa Chuo Kikuu cha Yale baada ya mfanyakazi wa maktaba kuona wembe sakafuni. Akakiri kuiba ramani 97 kutoka maktaba kadhaa, na mwaka 2006 akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. Aliweza kuuza kwa sababu ramani isiyo na kitabu haimshtui mtu. Ni bidhaa ya kila siku.

Mchangiaji wa Pwani: Kwenye wizi niko nawe. Muuzaji abanwe aseme karatasi imetoka kitabu gani na imepita mikononi mwa nani, akijiumauma, sinunui. Ila umemkamata mwenye wembe, sasa unataka kumfunga mwenye fremu?

Mleta mada: Simfungi mtu. Nauliza tu, wanunuzi wa karatasi mojamoja wasingekuwepo, huyo dalali angefumua kitabu kizima kwa faida ya nani?

Mchangiaji wa Pwani: Wanunuzi wapo London na New York tangu hatujazaliwa, na hawaachi leo. Mimi nikijizuia, kitabu kinafumuliwa vilevile, na Mombasa inatundikwa hukohuko.