Ulinganisho: mpishi akiingia kwenye televisheni, afuate njia ya Ramsay, Oliver, Bourdain au Kapoor?

Mwiko_wa_Mvule
Wakuu, salaam. Mimi ni naibu mpishi mkuu kwenye hoteli moja ya kitalii huku Kaskazini Unguja. Watayarishaji wa kipindi cha mapishi wamenifuata, wanataka niwe mtangazaji wao. Naomba tulinganishe njia, maana wapishi wakubwa waliotangulia huko hawakupita mlango mmoja, wala hawakutokea mahali pamoja.

Gordon Ramsay alijenga jina jikoni kwanza. Alifundwa London na Marco Pierre White na Albert Roux, akaenda Ufaransa kwa Guy Savoy na Joël Robuchon, akafungua mgahawa wake Chelsea, mtaa wa London, mwaka 1998. Mwaka 2001 ukapata nyota tatu za Michelin, daraja la juu kabisa la mwongozo huo wa migahawa. Vipindi vyake vya runinga, Kitchen Nightmares na Hell's Kitchen, vilianza 2004, nyota zikiwa mkononi tayari. Jamie Oliver ni kinyume: alikuwa mpishi kijana kwenye mgahawa wa River Café, London, kamera zilizokuja 1997 kurekodi mgahawa zikamwona yeye, na 1999 akawa na kipindi chake BBC kabla hajamiliki jiko lolote. Anthony Bourdain wa Marekani alisota jikoni zaidi ya miaka 20, kalamu ndiyo iliyomtoa. Sanjeev Kapoor wa India alikuwa mpishi mkuu wa hoteli Mumbai, na 1993 akaanza kipindi cha mapishi, Khana Khazana, kwenye Zee TV.

Moyo wangu uko kwa Ramsay kwa sababu sitaki kuacha jiko. Ila sioni nitajigawa vipi.

ZamuYaJioni_Dubai
Mkuu, na mimi niko jikoni, hoteli moja hapa Dubai. Naona watu wengi wanaisoma vibaya njia ya Ramsay, wanadhani alijigawa. Hakujigawa. Wakati anarekodi Marekani, jiko la Chelsea lilikuwa na mwenyewe. Kuanzia 2007 lilishikwa na Clare Smyth, mwanamke wa kwanza Uingereza kuongoza jiko la nyota tatu. Nyota zilibaki kwa sababu kila usiku kulikuwa na mtu mwenye mamlaka anayeonja mchuzi kabla sahani haijatoka. Na uwezo ulikuwa wa Clare kweli: alipoondoka alifungua mgahawa wake, Core, mwaka 2017, na 2021 akapata nyota tatu kwa jina lake.

Sasa tazama New York. Mgahawa uliobeba jina la Ramsay ulikuwa na nyota mbili, na 2013 zote mbili zikaondolewa, wakaguzi wakilalamika kwamba chakula hakieleweki, leo kizuri kesho hovyo. Ramsay alikuwa ameshaacha kuuendesha, limebaki jina mlangoni. Umaarufu wake wa runinga ulikuwa juu kabisa mwaka huo na haukusaidia kitu.

Kwa hiyo kabla hujaongea habari za kamera, niambie nani atasimama mahali pako. Na je, hoteli itampa cheo na mshahara wa nafasi hiyo, au atabebeshwa kazi yako juu ya kazi yake? Nimeona jikoni kwingi mpishi akipata jina nje, wenzake wakabaki na mzigo bila hata kutajwa. Kikosi kinavunjika hivyo.

Bi_Hiliki
Mwanangu, mimi ni mama wa nyumbani na mwalimu mstaafu, nitakuongelea Kapoor kwa sababu naona mnampita haraka. Yeye hakwenda kuonyesha maajabu ya hotelini. Alisimama akapika kwa Kihindi, lugha ya watazamaji wake, chakula ambacho mtu angeweza kukijaribu jioni ileile kwa alivyonavyo kabatini. Kipindi kiliendelea mwaka baada ya mwaka, vitabu vikafuata, migahawa ikafuata mpaka huko Dubai, na 2011 akaanzisha chaneli yake mwenyewe, FoodFood. Hakuuacha upishi hata siku moja. Jiko lake ndilo lililokua.

Wewe hotelini unampikia mgeni anayekaa wiki moja akaenda zake. Vijana wetu wanajifunza pasta kwenye simu, lakini pweza wa nazi hawajui kwamba lazima apigwe vizuri kabla hajaingia sufuriani, wanamchemsha mpaka anakuwa mpira. Urojo ndiyo kabisa, kila mmoja anakisia tu unga na embe. Akitokea mtu mwenye elimu ya kazi akavipika hivi kwa vipimo, taratibu, kwa Kiswahili safi, nitakaa mbele ya runinga na daftari. Hilo ni jambo kubwa, usilione dogo kwa kuwa halina nyota za Michelin.

Kamera_Mbili
Nafanya utayarishaji wa vipindi hapa Dar, niwape picha ya ndani.

Chakula kinachochukua muda wa saa mbili kuiva kinaonyeshwa kwa dakika kumi. Ina maana unahitaji sufuria tatu za kitu kimoja: moja inaanza, moja imefika katikati, moja imeiva. Ni nani anaziandaa? Kipindi chenye bajeti kina wasaidizi wa jiko. Kisicho nayo, ni wewe tangu alfajiri, halafu saa nne unatakiwa utabasamu. Na kwa kuwa studio inakodiwa, hurekodi kipindi kimoja kwa siku, unarekodi kadhaa mfululizo, unabadilisha shati tu. Mikono ifanye kazi na mdomo uongee bila kusimama, na ukitia samaki kwenye mafuta ya moto, mlio wake unafunika sentensi yako yote, mnarudia.

Halafu kuna mdhamini. Akiwa kampuni ya viungo vya pakiti, utaombwa utie kijiko chake kwenye pilau. Mpishi niliyefanya naye kazi alikataa, na mkataba aliousaini bila kusoma ulikuwa unampa mdhamini neno la mwisho. Aliacha katikati ya msimu, na mapishi aliyoyatunga yalibaki mali ya kituo. Usiulize malipo tu. Uliza mapishi ni ya nani, marudio yanalipwa vipi, na vipande vya mtandaoni vinaingia mfukoni kwa nani.

Kisu_Kikali
Njia ya Oliver iacheni kabisa. Runinga ilimpa mtaji wa jina, akaingia kwenye migahawa kwa kasi. Jamie's Italian, migahawa yake ya chakula cha Kiitaliano, ilianza 2008, na Mei 2019 kampuni ikaanguka, migahawa 22 kati ya 25 ikafungwa, watu kama 1,000 wakakosa kazi. Wahudumu na wapishi wa chini ndio walioumia.

Bi_Hiliki
Kisu_Kikali, kuanguka kwa biashara ni kweli na waliopoteza kazi wanastahili kutajwa. Lakini mtaje pia yule aliyeingia kwenye mashule mwaka 2005 akaonyesha watoto wa Uingereza wanalishwa nini mchana. Zilikusanywa sahihi zaidi ya 270,000, na serikali ikatoa ahadi ya pauni milioni 280 kwa chakula cha shule. Kwangu mimi mwalimu, hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote mlizozitaja humu. Hakuna mgahawa wa nyota tatu uliowahi kubadilisha sahani za watoto wengi namna hiyo.

Nyama_na_Kachumbari
Mimi wa Nairobi, nitetee Bourdain. Alimaliza chuo cha upishi, Culinary Institute of America, mwaka 1978, na alipokuwa mpishi mkuu wa mgahawa wa Les Halles, Manhattan, ndipo jarida la The New Yorker lilipochapisha makala yake ya 1999. Kitabu chake, Kitchen Confidential, kikatoka mwaka uliofuata. Alikuwa amevuka miaka 40, hana nyota hata moja. Katika vipindi vyake vya safari, tangu A Cook's Tour ya 2002 hadi Parts Unknown ya CNN, hakusimama kufundisha mtu kukata kitunguu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akamwuliza mwenye chungu maswali, na alimwelewa kwa sababu alijua kusimama mbele ya moto kunavyochosha. Alifika Kongo, alifika Zanzibar, na safari yake ya Kenya na mchekeshaji W. Kamau Bell ilionyeshwa Septemba 2018, miezi mitatu baada ya kifo chake.

Ila mkuu, njia hiyo ni ya kuhama nyumbani. Ukitaka kubaki na jiko, haikufai. Ninachokuomba ukichukue kwake ni kiti tu: mkaribishe mama wa vitumbua kwenye kipindi chako, umwachie mwiko.

Mwiko_wa_Mvule
Nashukuru wote. Bi_Hiliki, shikamoo, umenigeuza. Kwa upande wa nini cha kupika, nakubali Kapoor. Kwa upande wa jiko, ZamuYaJioni amenionyesha nilikuwa natazama mahali pasipo. Yupo dada kwenye zamu yangu, mkono wake ni mzuri kuliko wangu kwenye vyakula vya baharini, na hana cheo.

Nina wazo: masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi huku zinafunga au zinabaki na wageni wachache. Kamera_Mbili, msimu mzima ukirekodiwa miezi hiyo inawezekana?

Kamera_Mbili
Inawezekana, na studio nyingine zinashuka bei. Ila mvua kwenye paa la bati itaharibu sauti yote, tafuta jiko lililo chini ya zege. Na ulizia wavuvi mapema ni samaki gani wanapatikana miezi hiyo kabla hujaandika orodha ya vipindi.

ZamuYaJioni_Dubai
Na barua ya cheo ya huyo dada itoke kabla hujasaini ya kwako.